Mechi Iliyochezwa Kimya

Siku hizi nikiketi nje ya nyumba yangu hapa Voi, vijana wananipita wamevaa jezi za timu za Ulaya, migongoni majina ya watu ambao hawajawahi kukanyaga vumbi la hapa. Huwa nawauliza: "Wewe, timu hii uliipataje?" Mmoja ananiambia aliiona kwenye televisheni. Mwingine anasema rangi zilimpendeza. Rangi! Kama mtu anayenunua leso dukani. Nanyamaza, maana nikisema nitasema vibaya. Mimi ni mtu wa hasira tangu zamani, na hasira hiyo ndiyo ninayotaka kuisimulia hapa, kwa sababu ndiyo iliyonipa timu.

Miaka ya hamsini mtu wa Voi hakusumbuka kuchagua. Ukiajiriwa reli, ulikuwa wa reli. Ukikata mkonge, ulikuwa wa mkonge. Wenye maduka, zile jamaa za Kiislamu zenye asili ya pwani, walikuwa wa reli pia kwa sababu watu wa reli ndio waliokuwa wateja wao. Na watu wa milimani, wa Sagalla, wa Mbololo, hata wa Kasigau kule mbali, walimfuata mtoto wao. Kijana akichezea reli, ukoo mzima unakuwa wa reli, na bibi kizee asiyejua goli ni nini atakwambia refa alituonea.

Mimi nilikuwa wa reli kwa njia mbili. Kazi yangu stesheni ilikuwa pointi, yaani kuvuta ule mkono wa chuma unaohamisha njia, ili treni ya Taveta ishike njia ya Taveta na ya Mombasa ishike yake. Na Jumamosi alasiri nilikuwa golikipa. Uwanja wetu ulikuwa ardhi nyekundu nyuma ya zizi la reli, mahali walipofungiwa ng'ombe wakingoja kupakiwa kwenye mabehewa. Milingoti ilikuwa miti ya mkonge iliyokauka, na juu tulifunga kamba. Tulicheza miguu mitupu. Ikinyesha, ulitoka umejaa matope na samadi mpaka masikioni, na watu wanakubeba hivyo hivyo, wanakuzungusha stesheni nzima.

Sitadanganya: nilipenda kubebwa kuliko nilivyopenda mpira. Siku sita nilikuwa mtu wa pointi ambaye hakuna anayemwona mpaka akosee. Siku ya saba watu mia mbili walinipigia kelele. Kelele hizo zilinilisha juma zima.

Mama yetu alifariki tukiwa wadogo, akatuachia baba huko Mbololo, mimi na mdogo wangu. Tulikuwa hao watatu tu. Mdogo wangu alipotimiza miaka ishirini aliteremka Voi kutafuta kazi, akafikia kwangu, kwenye nyumba za reli tulizoziita landi. Nilimsemea, akapata kazi kwenye genge, wale watu wanaonyanyua mataruma na kukaza misumari ya njia. Jioni nilimpeleka uwanjani nikamfundisha kudaka. Mimi mwenyewe, kwa mikono yangu! Nilimwonyesha jinsi ya kuanguka bila kuumia ubavu, na jinsi ya kumtazama mpigaji kiuno, asimtazame macho.

Jumamosi moja treni ya mizigo ilichelewa, nikazuiliwa kazini. Nilipofika uwanjani mechi ilikuwa inakwisha, na mdogo wangu alikuwa golini. Sikuona alichodaka. Nilichoona ni watu wakimkimbilia, wakimbeba, wakipita naye mbele yangu mimi niliyesimama na sare yangu ya kazi na jasho langu. Hakuna aliyenitazama.

Juma lililofuata kapteni alinijia. Alikuwa mtu wa Mombasa, fundi wa injini, mpole, mwenye adabu za kwao. "Kaka," akaniambia, "usinielewe vibaya. Umetutumikia vizuri. Lakini mdogo wako ana mikono ya ajabu. Mwachie goli, wewe tutakuweka beki."

Nikamwambia, "Beki mweke mama yako."

Lo, ulimi wangu! Yule mtu alinitazama tu akaondoka, na mimi nikavua ile sweta ya golikipa nikamtupia mdogo wangu kitandani. Aliniomba radhi kama aliyeiba. Alisema yuko tayari kuacha. Nikamwambia, "Cheza. Nani amekukataza?" Kuanzia hapo tulikula sahani moja bila kuongea, na chumba kilikuwa kimoja.

Sasa sikilizeni nilichofanya, maana hata leo nikikikumbuka natamani kujipiga kofi. Jumamosi reli wakicheza na mkonge, nilikwenda kusimama upande wa mkonge. Nilivuka uwanja mchana kweupe, mfanyakazi wa reli, nikajipanga na wakata mkonge na ngoma zao. Walinikaribisha kwa vicheko. "Mwenzetu, umepotea njia, na wewe ndiye mtu wa pointi!" Nikacheka nao. Nilitaka mdogo wangu anione. Nilisimama nyuma ya goli lake kabisa, ili kila anapogeuka kuokota mpira akutane na uso wangu.

Kipindi cha pili senta wa mkonge, jitu la miraba minne, alimwendea mbio wakagongana. Mdogo wangu alirushwa mpaka kwenye ua wa zizi. Watu wakasema "ah!" kwa pamoja, pande zote mbili. Mimi nikacheka. Nilicheka kwa sauti, na nikapiga makofi.

Aliinuka akichechemea. Kipande cha waya uliooza kwa kutu kilikuwa kimemwingia chini ya mguu. Alikichomoa, akakitupa, akapaka mate na mchanga kama tulivyofanya sote, akaendelea kudaka. Jioni nyumbani nilimwona akikiosha kile kidonda kwenye karai. Kilikuwa kidogo, hata damu hakina. Mdharau mwiba, mguu huota tende, na wahenga hawakusema chochote juu ya mtu anayeudharau mguu wa mwenzake. Nikazima taa nikalala.

Siku ya tisa aliamka akasema taya zinamkaza. Alifikiri ni jino. Kufikia jioni hakuweza kufungua mdomo kumeza uji, na shingo ilikuwa ngumu. Nilimbeba mgongoni kwenda zahanati, upande wa pili wa reli, mbele ya uwanja. Pale palikuwa na dresa mmoja, yaani mfunga vidonda, mzee aliyejifunza kazi yake vitani, ambaye tulimwona daktari kamili. Alimshika taya, akauliza kuhusu kidonda, akaniangalia. "Pepopunda," akasema. "Nitampa dawa iliyopo, lakini imechelewa. Sasa kinachotakiwa ni giza na kimya. Mlango ukigongwa tu, mwili wake utakunjamana. Ukikunjamana sana, pumzi itakatika. Mnaelewa? Kelele inaweza kumuua."

Wakatundika blanketi dirishani. Stesheni ilikuwa hatua mia tatu kutoka pale, na honi ya treni ni sheria, huwezi kuikataza. Madereva wenzetu walioambiwa walipiga fupi, nusu tu, lakini hata hiyo nusu ilimkunja mdogo wangu kama upinde, visigino na kisogo tu vikigusa kitanda. Na akili yake ilikuwa timamu. Hilo ndilo baya la ugonjwa ule. Alijua kila kitu.

Nilimtumia baba habari, akateremka kutoka Mbololo kwa miguu, akafika adhuhuri na kibuyu cha pombe ya miwa. Nilipokiona kile kibuyu, nilijua amekuja kufanya nini.

Kwetu Wadawida, yaani Wataita, hasira ya ndugu ni jambo zito. Mzazi au ndugu akikukasirikia akaificha moyoni, wewe unaweza kuugua kwa ajili yake. Dawa yake ni kutasa. Mwenye hasira anapiga funda la pombe au la maji, analipuliza nje, na anasema kwa kinywa chake kile alichokuwa amekiweka, akiomba kipoe. Lazima kiwe chote. Ukibakiza, hujafanya kitu. Tulikuwa tumebatizwa sote na Jumapili tulikuwa kanisani, na hatukuona moja likizuia jingine. Mchungaji peke yake ndiye aliyeona.

Baba alikuwa na sababu. Msimu wa kupanda, mvua za vuli zilipoanza, alimwita mdogo wangu nyumbani, naye hakwenda kwa sababu ya mechi. Baba alilima peke yake na mgongo wake mbovu. Akatuma neno: "Mwambieni asirudi hapa mpaka ajue chakula kinatoka wapi." Sasa aliamini neno hilo ndilo lililomwangusha mtoto.

Dresa alimzuia mlangoni. "Mzee, pombe hapana. Maji, sawa. Na usipaze sauti."

Baba akaingia na maji kwenye kikombe cha bati. Akapuliza pembeni, polepole, asimguse mgonjwa, akanong'ona: "Mwanangu, mimi ndimi baba yako. Nilikukasirikia kwa ajili ya shamba. Nilisema usirudi. Neno hilo nalitoa. Moyo wangu upoe, na mwili wako upoe."

Tulipotoka nje aliniuliza. Hakuniuliza kwa ukali. "Na wewe, una lolote na mdogo wako?"

"Sina, baba."

"Hata dogo?"

"Hakuna."

Alinitazama kidogo, kisha akaketi chini ya ukuta.

Kesho yake mgonjwa hakuwa na nafuu. Baba akasema, "Labda nilibakiza." Akaingia tena na kikombe, akasema kwamba zamani alimkasirikia kwa mbuzi aliyepotea. Siku ya tatu akakumbuka mtungi aliouvunja akiwa na miaka sita, na siku moja alipokataa kula ugali wa baridi. Mzee yule alijipekua moyo kama mtu anayetafuta sindano kwenye nguo, akitoa vijihasira vya miaka kumi na mitano, akivipuliza kimoja kimoja kwenye sakafu ya zahanati. Nami nilisimama mlangoni na langu lote limejaa tele. Nilinyamaza. Niliona haya, ndiyo, lakini msidhani ilikuwa haya tu. Ukweli ni kwamba hasira ilikuwa bado ipo. Mdogo wangu anakufa, na mimi nilikuwa bado nakumbuka walivyombeba.

Jumamosi ikafika, na reli walikuwa wacheze na mkonge tena. Kapteni alitaka kuahirisha. Uwanja na zahanati vilitazamana; kelele za watu mia mbili zingemfikia mgonjwa kama radi. Lakini watu wa mkonge walikuwa wameshafika, wametembea tangu asubuhi kutoka mashambani na wake zao na ngoma zao. Kapteni akawaendea akawaeleza. Nilimwona yule senta, lile jitu, akijishika kichwa kwa mikono miwili. Akasema, "Ni mimi niliyemgonga. Ndugu yangu, ni mimi." Kisha akageukia watu wake akawaambia kwa sauti ya chini waweke ngoma chini.

Sijui nani alitoa wazo la kucheza hivyo hivyo, kimya. Nafikiri lilitoka kwa watu wengi kwa wakati mmoja. Walisema tukirudi nyumbani bila kucheza, mgonjwa ataona tumeshamzika. Refa wetu alikuwa gadi wa treni. Akaweka filimbi mfukoni, akachukua bendera zake za kazi. Kijani, cheza. Nyekundu, simama. Kisha kapteni akanijia mimi, huyo huyo niliyemtukania mama yake, akanipa ile sweta. "Kaka," akasema, "hatuna mwingine."

Nikaivaa. Ilikuwa bado na jasho la mdogo wangu.

Nimeona mambo mengi katika umri wangu. Sijaona kitu kama mechi ile. Watu walijaa pande zote nne, wa reli, wa mkonge, wenye maduka na kofia zao, wamama waliotoka sokoni, na hakuna aliyekohoa. Wachezaji waliitana kwa mikono. Ulisikia nyayo kwenye vumbi, na ngozi ya mpira ikipigwa, na ng'ombe zizini wakitafuna. Mtu akikaribia kufunga, umati wote ulisimama na kuketi bila sauti. Wanawake walijaza leso mdomoni. Baba alikuwa amesimama kando ya mlingoti wangu na kibuyu chake, sasa kimejaa maji. Mpira hakuwahi kuuona maishani mwake. Aliutazama kama mtu anayesoma barua ya lugha ngeni.

Karibu na hafutaimu beki wetu aliushika mpira kwa mkono. Bendera nyekundu. Penalti.

Aliyekuja kupiga ni yule senta. Nilimtazama kiuno. Akapiga chini, kushoto, nikaruka nikaudaka mzima mzima, nikaanguka nao kifuani. Niseme ukweli: ilikuwa penalti nzuri kuliko zote nilizowahi kudaka. Nikainuka, nikageuka kwa watu.

Hakuna aliyepiga kelele. Watu wa reli walikuwa wameziba midomo kwa viganja. Mama mmoja alikuwa ameng'ata leso yake na machozi yanamtiririka. Hata watu wa mkonge, ambao wamekosa goli, hawakuguna. Walinitazama kidogo, kisha macho yote yakageukia dirisha la zahanati, lile la blanketi, kuona kama tumemsumbua.

Hapo nilisimama na mpira wangu, nikaona aibu. Kile nilichomchukia mdogo wangu kwa ajili yake, kelele za watu, ndicho watu hawa walichokimeza, bure, ili yeye apumue. Wangeweza kunipa. Walikuwa nacho kooni. Na mimi, kaka yake wa tumbo moja, nilishindwa kumpa neno moja tu.

Gadi akainua bendera zote mbili, hafutaimu. Nikamwendea baba. "Baba, nipe maji."

Akaninyooshea kibuyu. "Kunywa."

"Si ya kunywa."

Mzee alinielewa palepale. Nikapiga funda, nikapuliza kwenye vumbi, nikasema. Nilinong'ona, lakini katika ule ukimya mnong'ono ulikwenda mbali, na najua kapteni alisikia, na wengine nyuma yake. "Nilimwonea wivu. Nilikwenda upande wa mkonge ili anione. Alipoanguka nilicheka. Nilikiona kidonda nikazima taa. Na wewe nilikudanganya, baba, nikakuacha unajipekua peke yako."

Nilingoja anipige. Angenipiga ningeshukuru. Badala yake akasema, "Usiniambie mimi. Twende ukamwambie mwenyewe."

Tukavuka reli, mimi na sweta yangu na vumbi. Dresa alitaka kuzuia, akatuona nyuso, akafungua mlango taratibu. Chumbani palikuwa na giza na harufu ya dawa. Nilipiga magoti karibu na sikio lake, nikayarudia yote, bila kupunguza, nikapuliza maji pembeni nikaomba moyo wangu upoe. Na ulipoa. Hilo nalijua kwa sababu nilianza kulia, na nilikuwa sijalia tangu alipougua.

Alisema kupitia meno, kwa shida, neno moja moja. "Nilikuona. Ulikuwa unacheka." Akapumzika. "Nikasema, atarudi tu."

Kisha akauliza, "Leo hakuna mechi?"

"Ipo. Sufuri kwa sufuri. Nimedaka penalti."

"Uongo. Mbona sisikii watu? Hawakuja?"

"Wamekuja wote," nikamwambia. "Na mkonge pia. Wamenyamaza kwa ajili yako."

Machozi yakamtoka, yakaingia masikioni, na hata mkono wa kujifuta hakuweza kuuinua. Baba akamfuta kwa ncha ya shuka, kwa kugusa kidogo sana, akingoja mwili utulie kabla ya kugusa tena. Sikurudi uwanjani. Kipindi cha pili alisimama golini mtu wa ofisi ya tiketi, tukafungwa moja, na hakuna aliyejali.

Mdogo wangu alifariki Jumatatu saa sita mchana. Tulimpandisha Mbololo kwa mabega, reli na mkonge wakipokezana jeneza, na yule senta hakutaka kupokewa mpaka tulipomlazimisha. Dresa aliniambia baadaye kwamba ni uchafu wa zizi uliokuwa kwenye ule waya, na kwamba maneno hayaui mtu wala hayamponyi. Namwamini. Nilimwamini hata siku ile. Lakini mimi najua kwamba usiku ule wa karai ningekuwa ndugu, ningemshika mkono nikampeleka zahanati siku ya kwanza, na labda dawa ingemwahi, maana dresa mwenyewe alisema imechelewa. Kwa hiyo wasinifundishe watu habari za hasira kuua au kutokuua.

Sikukanyaga uwanja tena. Kapteni aliniita mara mbili, nikakataa. Nilifanya kazi yangu ya pointi, nikalala, nikaamka. Kama miezi miwili ikapita. Jumamosi moja baba akatokea kwenye landi, ametembea kutoka Mbololo na mgongo wake ule, amevaa koti lake la kanisani. Nilidhani kuna msiba mwingine.

"Kuna mpira leo?" akaniuliza.

"Upo, baba. Lakini mimi siendi."

"Sikukuuliza kama unakwenda. Nipeleke."

Tukaenda. Tulisimama upande wa reli, na watu wakampisha mzee mahali pa mbele bila kuambiwa. Mara winga wetu akapenya akafunga. Watu wote wakalipuka. Vigelegele, makofi, mabati ya zizi yakipigwa kwa fimbo, kofia hewani. Baba alishtuka, akanishika mkono kwa nguvu kama mtu anayedondoka. Siku yake ya kwanza uwanjani ilikuwa ile ya kimya. Hakujua kwamba mpira una sauti. Aliwatazama watu wale mmoja mmoja, midomo yao wazi.

"Ndivyo walivyokuwa wakimpigia?" akaniuliza.

"Ndivyo, baba."

"Kila Jumamosi?"

"Kila Jumamosi."

Nilifikiri atasema habari ya shamba. Akasema, "Na wewe ulikuwa upande ule mwingine."

"Ndiyo, baba."

Hakuuachia mkono wangu. "Basi piga kelele," akasema. "Mpigie zote ulizomnyima."

Mwanzo sauti haikutoka. Kisha ikatoka, mbaya, ya kukwaruza, watu wakageuka kunitazama, na baba akaniambia zaidi, nikazidisha. Nilipiga kelele mpaka mechi ikaisha, na wachezaji wakaondoka, na ng'ombe wakarudishwa zizini, na baba bado amenishika.